UZI: Chuo kilipanda cheo, mwanafunzi akabaki chini. Historia ya ngazi iliyokatika kati ya vyuo vya ufundi na vyuo vikuu, Meru na Embu

1/
Kila msimu wa kampeni, iwe Makutano pale Meru au stendi ya Embu, kuna mgombea atapanda juu ya gari aseme: "Nitawaletea chuo." Watu wanapiga makofi. Mwingine mtandaoni anajibu, "Vyuo tunavyo, kazi ndiyo hakuna." Wa tatu anaongeza, "TVET ni ya waliofeli." Mjadala unaishia hapo. Swali ambalo halisikiki ni hili: mtoto akishamaliza diploma, anafikaje digrii bila kuanzishwa upya kama mtu ambaye hajawahi kuingia darasani? Leo tuangalie historia ya swali hilo. Sitataja mwanasiasa wala chama. Mkitaka hizo, akaunti ni nyingi.

2/
Kwanza niseme niko upande gani, msije mkasema nimejificha. Nilifanya KCSE mwaka 2007, nikapata C. Si C+. C tupu. Yaani alama moja tu chini ya mlango wa chuo kikuu. Nikaenda chuo cha ufundi, nikasoma diploma ya ujenzi, nikafanya kazi saiti kuanzia Maua hadi Runyenjes. Baadaye nikaingia chuo kikuu cha umma. Hivyo vyuo sivitaji, maana shida yenyewe haikuwa ya chuo kimoja. Nikirudi kwenye hiyo hadithi mtaelewa kwa nini.

3/
Tuanze mbali kidogo. Hii tabia tunayoiita "kupandisha chuo hadhi" haikuanza juzi. Makerere, ambayo wazee wetu waliisifu sana, ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi: useremala, ujenzi, umakanika. Mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kishiriki cha London. Ikapanda. Lakini fundi aliyekuwa akija kujifunza useremala, nafasi yake pale ikaisha.

4/
Nairobi ni hivyo hivyo. Royal Technical College ilifunguliwa mwaka 1956, na jina lenyewe linakuambia ilikuwa ya nini. Miaka mitano tu, mwaka 1961, ikawa Royal College, na kufika 1970 ni Chuo Kikuu cha Nairobi. Sasa kozi za mafundi na wataalamu wa kati ziende wapi? Ikabidi Kenya Polytechnic ianzishwe mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili kuziba lile pengo. Wekeni hilo jina akilini, tutakutana nalo tena.

5/
Egerton: shule ya kilimo ya 1939, baadaye chuo cha diploma, chuo kikuu mwaka 1987. KU: chuo cha walimu, chuo kikuu mwaka 1985. JKUAT: ilianza kufundisha mwaka 1981 ikitoa diploma na vyeti, chuo kikuu kamili mwaka 1994. Mnaona mwendo? Karibu kila chuo kikuu kikongwe cha umma Kenya kilikuwa kwanza chuo cha kati. Sisi Wakenya tuna ngazi nzuri kabisa ya kupanda kutoka diploma hadi digrii. Shida ni kwamba inayopanda ni taasisi. Mwanafunzi anaangalia kutoka chini.

6/
Hilo ndilo jambo moja ninalotaka mtoke nalo kwenye uzi huu. Mengine yote ni maelezo.

7/
Sasa turudi nyumbani. Miaka ya 1970 wananchi walijenga vyuo vya teknolojia kwa harambee sehemu nyingi za nchi. Watu walitoa pesa za kahawa, za chai, wengine mbuzi, wengine mawe na siku za kazi. Ukiuliza walitaka nini, jibu lilikuwa rahisi: sekondari zilikuwa zimeongezeka baada ya uhuru, vijana wanamaliza Kidato cha Nne, na nafasi za Kidato cha Tano zilikuwa chache mno. Tayari mwaka 1966 Baraza la Makanisa lilikuwa limetoa ripoti iliyouliza: baada ya shule, nini? Vyuo vya harambee vilikuwa sehemu ya jibu la wananchi wenyewe.

8/
Meru ilikuwa na chuo chake cha teknolojia, MECOTECH. Embu kulikuwa na chuo cha serikali cha kufunza maafisa wa kilimo, nje kidogo ya mji kando ya barabara ya kwenda Meru. Watu wa umri wa mama yangu wanawakumbuka wale maafisa wa kilimo: wanakuja shambani na pikipiki, wanakuonyesha namna ya kukata kahawa, wanarudi baada ya mwezi kuona kama ulisikia.

9/
Halafu ikaja 8-4-4. Tume ya Mackay ilipendekeza mwaka 1981, mfumo ukaanza mwaka 1985. Nia ilikuwa ufundi zaidi mashuleni. Lakini kitu kimoja kikaondoka bila watu wengi kukililia: Kidato cha Tano na cha Sita. Ile miaka miwili ilikuwa chumba cha kungojea. Mtu aliyechelewa kuamka kimasomo alikuwa na nafasi ya pili ya kuonyesha uwezo wake. Kuanzia KCSE ya kwanza mwaka 1989, mtihani mmoja ukawa ndio unaamua. C+ uko ndani. C uko nje.

10/
Na hata ndani hapakuwa na nafasi. Mwaka 1990 vyuo vikuu vilipokea makundi mawili kwa pamoja, wa mwisho wa A-level na wa kwanza wa 8-4-4. Miaka iliyofuata, bodi ya udahili, JAB, ikawa inahesabu vitanda. Mtoto anapata B, anaambiwa amefuzu lakini kitanda hakuna. Kama wa B alikuwa anahangaika, wa diploma nani angemfikiria?

11/
Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua ile tunayoita parallel, masomo ya kujilipia. Hapa niwe mkweli, maana watu hupenda kuilaani tu. Parallel ilikuwa ghali, ilileta dharau ya "hao ni wa kulipa", lakini ilimfungulia mlango mtu wa diploma. Karani, muuguzi, fundi sanifu, akaweza kusoma jioni na wikendi. Vyuo vikuu vikafuata watu hadi miji yetu, Meru na Embu zikiwemo. Kampasi ghorofani, duka la mbegu chini.

12/
Walimu ndio waliofaidi zaidi. P1 aliyetoka vyuo kama Kigari, Egoji au Meru alikuwa anafundisha muhula mzima, halafu likizo ya Aprili, Agosti na Desemba anaenda "school-based". Miaka mingi hivyo. Nawajua walimu wa Nkubu na Chuka waliouza ng'ombe kwa ajili ya hiyo digrii. Ile ndiyo ngazi iliyofanya kazi kwa mtu wa kawaida. Angalieni lakini ilijengwa na nini: mfuko wa mwalimu mwenyewe na usingizi wake.

13/
Sasa tufike kwenye miaka iliyobadilisha ramani yetu. Mwaka 2007, chuo cha Egerton kule Chuka kikafanywa chuo kikuu kishiriki. Kikapata hati ya kujitegemea mwaka 2013. Mwaka 2008, MECOTECH ikawa chuo kikuu kishiriki chini ya JKUAT. Mwaka 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, pale Nchiru, eneo hilo hilo lenye nyumba ya kihistoria ya Njuri Ncheke. Mwaka 2011, chuo cha kilimo cha Embu kikawa chuo kikuu kishiriki cha Nairobi. Mwaka 2016 kikapata hati yake kama Chuo Kikuu cha Embu.

14/
Panda matatu kutoka Nchiru, pita Meru mjini, Nkubu, Chuka, vuka Thuci, Runyenjes, hadi Embu. Vyuo vikuu vitatu vya umma kwa safari moja ya asubuhi. Kabla ya 2013 mkoa mzima wa Mashariki haukuwa hata na chuo kikuu kimoja cha umma kinachojitegemea. Sisemi ni jambo baya. Watoto wetu wamesoma karibu na nyumbani, plot zimejengwa, mama mboga wa Nchiru na Ndagani wanajua faida yake. Nilipiga makofi kama wengine.

15/
Lakini siku ya sherehe hakuna aliyeuliza: kile chuo cha kati kilichokuwa hapa kimeenda wapi? Na haikuwa huku kwetu tu. Mnakumbuka Kenya Polytechnic, ile iliyojengwa kuziba pengo la Royal Technical? Mwaka 2007 nayo ikafanywa chuo kikuu kishiriki, mwaka 2013 ikawa Technical University of Kenya. Ile ya Mombasa, hivyo hivyo, mwaka huo huo. Chuo cha Nyeri kikawa chuo kikuu. Cha Murang'a pia. Kiraka nacho tukakifanya kanzu, shimo likabaki pale pale.

16/
Ndipo serikali ikaanza tena kujenga chini. Sheria ya TVET ikapita mwaka 2013. Ahadi ikawa chuo cha ufundi kila eneobunge. Mwaka 2016 Meru Technical ikapandishwa kuwa The Meru National Polytechnic. Kiirua, Nkabune na Rwika kule Mbeere zikaendelea kukua. Mwaka 2018 serikali ikaanza kumlipia mwanafunzi wa TVET: karo ikawekwa shilingi 56,420 kwa mwaka, serikali ikitoa 30,000 na mzazi kubaki na 26,420. HELB nayo ikakopesha. Madarasa yakajaa. Hiyo ilikuwa hatua nzuri, na aliyeifanya apewe sifa yake.

17/
Wakati huo huo mlango wa juu ukafungwa kwa njia ambayo wengi hawakuiona. KCSE ya 2015, waliopata C+ kwenda juu walikuwa 165,766. Mwaka 2016, baada ya udhibiti wa wizi wa mitihani, wakawa 88,929. Serikali ikasema wote hao itawalipia. Poa. Lakini parallel ikakosa wateja, na kampasi za mjini zikaanza kufunga moja baada ya nyingine. Kumbukeni ni nani mwingine alikuwa akitumia zile kampasi: mtu wa diploma mwenye kazi, anayesoma jioni. Hakuna sheria iliyomfukuza. Alifika tu jioni moja akakuta kufuli.

18/
Sasa niwape ile hadithi yangu. Mwaka 2014 nilijiunga na chuo kikuu, kozi ya usimamizi wa ujenzi. Nilikuwa na diploma, transkripti na barua ya mwajiri. Karani wa udahili akaziangalia, akanirudishia, akasema, "Utaanza mwaka wa kwanza kama wengine." Nikauliza, hata upimaji ardhi, ambao nimeusoma na nikaufanyia kazi? Akasema, "Hatuna utaratibu." Hakuwa na ubaya, alinisaidia hata kujaza fomu. Kweli hakukuwa na utaratibu.

19/
Muhula wa pili tukatolewa nje kwa somo la upimaji. Mhadhiri akauliza nani anaweza kusimamisha theodolaiti. Nikaisimamisha. Akaniuliza nilijifunzia wapi, nikamwambia. Akasema, "Basi wafundishe wenzako." Muhula mzima nikawa nafundisha yuniti ambayo nimeilipia karo. Mama alikuwa analipa kwa bonasi ya chai. Ile bonasi ya Oktoba, ambayo nyumba nyingi za huku ndiyo mabati, ndiyo ng'ombe, ndiyo hospitali. Miaka minne ya digrii juu ya mitatu ya diploma. Nikihesabu vizuri, mwaka mmoja na nusu hivi nilirudia vitu ninavyovijua.

20/
Haki itendeke pia upande wa pili: kuna vitu sikuvijua. Hisabati. Kalkulasi ya mwaka wa kwanza ilinionyesha dunia. Diploma yangu ilinifundisha kukokotoa zege la nguzo kwa jedwali, haikunifundisha jedwali lilitoka wapi. Kwa hiyo mhadhiri anaposema "hawa wa diploma tukiwaruhusu kuingia mwaka wa tatu wataanguka", hatoi dharau tu. Ana hoja. Nilikuwa pale, nilirudia mtihani mmoja.

21/
Wengine walifanyaje? Marekani wana vyuo vya jamii, vya karo nafuu na karibu na nyumbani. Cha kwanza cha umma kilianza Joliet, Illinois, mwaka 1901, ndani ya shule ya upili, kikiwa na wanafunzi sita. Mwaka 1960 California ikapitisha Mpango Mkuu: vyuo vya jamii viwe wazi kwa wote, na vyuo vikuu vya jimbo viweke nafasi za mwaka wa tatu kwa ajili ya wanaotoka huko. Si hisani. Ni nafasi zilizopangwa, na kila yuniti inajulikana mapema itahesabiwa wapi.

22/
Halafu kuna kinachoitwa usajili wa pande mbili. Mwanafunzi anaandikishwa sehemu mbili kwa wakati mmoja: yuko shule ya upili huku akichukua somo la chuo, au yuko chuo cha jamii huku akichukua yuniti chache za chuo kikuu. Akifaulu, zinahesabiwa pande zote. Hapo ile hoja ya mhadhiri wangu inapata jibu. Hungoji mtu amalize diploma ndipo ubishane kama anaweza kalkulasi. Unampa kalkulasi akiwa bado diploma. Akiiweza, njoo. Asipoiweza, bado ana diploma yake na hajapoteza shamba.

23/
Msiseme Marekani ni mbali. Jirani zetu Tanzania wana viwango vya elimu ya ufundi vilivyopangwa tangu baraza lao, NACTE, liundwe kwa sheria ya 1997. Mtu wa diploma mwenye GPA ya 3.0 ana mlango wake unaoeleweka wa kuomba digrii, umeandikwa kwenye mwongozo wa udahili. Nao wana matatizo yao, msinielewe vibaya. Lakini kijana wa Arusha anajua namba anayoikimbiza. Wa Meru anaambiwa, "Njoo uulize ofisini."

24/
"Lakini Kenya tuna sheria!" Ndiyo, tunayo. Sheria ya mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu, KNQF, ya 2014, iliunda KNQA. Ngazi ni kumi. Diploma ni ngazi ya 6, digrii ya kwanza ni ya 7. Hatua moja tu! Kuna hata mpango wa kulimbikiza na kuhamisha yuniti, unaitwa KCATS, na wa kutambua ujuzi alionao mtu hata kama hakuupata darasani. Karatasi ni nzuri. Lakini karatasi haimlazimishi karani wa udahili kuwa na "utaratibu". Kila chuo kikuu kina seneti yake, na seneti ndiyo inaamua nani anaingia mwaka gani.

25/
Kwa nini basi haifanyiki? Msitafute shetani. Fuateni pesa. Polytechnic ikiruhusu mwanafunzi achukue yuniti chuo kikuu, inaogopa kumpoteza pamoja na mgao wake. Chuo kikuu kikimhesabia mtu mwaka mmoja na nusu, kinapoteza karo ya mwaka mmoja na nusu, na vyuo vyetu vya umma vina madeni mnavyojua. Mwanafunzi naye: KUCCPS inapanga kwa kawaida waliotoka KCSE na C+, wa diploma anaomba mwenyewe na kujilipia mwenyewe. Yaani alisaidiwa na serikali akiwa ngazi ya 6, halafu akitaka kupanda ya 7 anaachiwa bonasi ya mama.

26/
Ndiyo maana ule mzozo wa modeli mpya ya ufadhili wa 2023 unawahusu watu wa TVET pia. Tulibishana sana kuhusu makundi ya mapato, nani yuko bendi gani. Mahakama Kuu ikaikataa modeli mwishoni mwa 2024, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo mwaka 2025. Kelele zote hizo, na mtu wa kuhama kutoka diploma kwenda digrii hakuwa hata kichwa cha habari.

27/
Idadi yao si ndogo. KCSE ya 2024, watahiniwa walikuwa 962,512. Waliopata C+ kwenda juu ni 246,391, kama robo. Hao robo tatu wengine ndio tunaowaambia waende TVET, "ujuzi ndio kazi". Sawa. Na mimi nasema ujuzi ni heshima, fundi mzuri wa stima halazimiki kuwa na digrii ili aitwe mtu. Lakini njia isiyo na mlango wa mbele, wazazi wataikwepa tu. Mzazi wa Nyambene anayelipa kwa miraa au wa Mbeere anayelipa kwa muguka si mjinga. Anauliza, "Akienda huko, anaweza kusonga?" Tukimjibu kwa kunong'ona, atauza shamba mtoto arudie Form Four.

28/
Mfano wa kuanzia tunao mlangoni. The Meru National Polytechnic iko mjini, chuo kikuu kiko Nchiru, mwendo mfupi tu wa matatu barabara ya Maua. Embu, Rwika na chuo kikuu ziko kaunti moja. Hili ni pendekezo langu mimi, si sera ya mtu: wachague kozi mbili au tatu, tuseme umeme, ujenzi na kilimo. Wakae walimu wa pande zote mbili, waandike yuniti zipi zinalingana. Wa diploma mwenye matokeo mazuri achukue hisabati na fizikia ya mwaka wa kwanza chuo kikuu akiwa bado polytechnic. Akimaliza, aingie mwaka wa pili au wa tatu bila kubembeleza mtu. Gharama yake ni ndogo kuliko kujenga geti jipya.

29/
Na muda ni huu. Watoto wa CBC waliingia senior school Januari 2026. KCSE ya mwisho ya 8-4-4 ni 2027. Kundi la kwanza la mfumo mpya linategemewa kufika vyuoni 2029. Mwaka 1985 tulibadilisha mfumo tukasahau nafasi ya pili, tukalipa miaka thelathini. Kanuni za vyuo zinaandikwa upya sasa hivi, tukinyamaza zitaandikwa kama zamani.

30/
Kwa hiyo, mgombea akipanda juu ya gari tena aseme "nitawaletea chuo", muulizeni haya, kwa heshima:
– Hicho chuo kikipandishwa hadhi, kozi za cheti na diploma zitabaki au zitafukuzwa?
– Mwanafunzi wa ngazi ya 6 ataingia digrii mwaka wa ngapi? Imeandikwa wapi?
– HELB na ufadhili vitamfuata akihama, au vitabaki getini?
– Je, uko tayari kusema kwenye mkutano kwamba eneo letu halihitaji chuo kikuu kingine, linahitaji vilivyopo vishikane mikono?
Hilo la mwisho litamtoa jasho, maana halina utepe wa kukata.

31/
Mwisho. Mdogo wangu wa kike yuko diploma sasa, mambo ya maji. Juzi aliniuliza, "Kaka, nikimaliza niendelee ama nitafute kazi?" Nilitaka kumwambia endelea. Halafu nikakumbuka theodolaiti na bonasi ya chai, nikamwambia kwanza apige simu chuo kikuu aulize ataanza mwaka wa ngapi. Alipiga. Wakamwambia aje aulize ofisini.

Kama ulipita njia ya diploma kwenda digrii, popote pale, niambie ulihesabiwa nini na ulirudia nini. Nitakusanya, bila majina, uzi ujao tuzungumze kwa mifano.